USS Guardian: manowari ya mbao iliyotafuta mabomu na kuishia mwambani

Ukimwambia fundi wa majahazi kwamba jeshi la majini la Marekani, lenye manowari zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, liliendelea kuunda meli za vita za mbao hadi miaka ya 1990, huenda akadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Meli hizo zilikuwa 14, zilijulikana kama kundi la Avenger, na kazi yao ilikuwa moja: kutafuta mabomu yaliyotegwa baharini.

Katika makala hii tunaifuata moja kati ya hizo 14, USS Guardian. Tumeichagua kwa sababu maisha yake yanaeleza vizuri kazi hiyo ambayo watu wachache wanaijua, na kwa sababu mwisho wake uligusa jambo ambalo mvuvi yeyote analielewa: mwamba wa matumbawe, na nani analipa ukivunjwa.

Bomu linalomsubiri mpitaji

Kwanza tueleze bomu lenyewe. Bomu la baharini halirushwi. Linategwa, kisha linasubiri, kama mtego wa panya. Aina ya zamani ni duara kubwa la chuma lililojaa baruti, linaloelea chini kidogo ya uso wa maji huku likiwa limefungwa kwa mnyororo kwenye uzito uliokaa chini. Juu yake kuna vijiti kama pembe. Meli ikigusa pembe, linalipuka.

Aina nyingine haihitaji kuguswa. Inakaa kwenye sakafu ya bahari, ndani ya matope au mchanga, na kusikiliza. Bomu hilo linaweza kuhisi sumaku ya chuma cha meli inayopita juu yake, mngurumo wa injini na pangaboi, au badiliko dogo la mgandamizo wa maji meli inapopita. Mengine yanachanganya dalili mbili au tatu kabla ya kulipuka. Yapo pia yanayohesabu: yanaacha meli ya kwanza ipite, na ya pili, kisha yanailipua ya tatu. Kwa hiyo kuona meli moja imevuka salama si ushahidi kwamba njia ni safi.

Bei ndiyo inayofanya silaha hii ipendwe na wenye mfuko mdogo. Tarehe 14 Aprili 1988 manowari ya Marekani USS Samuel B. Roberts iligonga bomu la Iran katika Ghuba ya Uajemi. Bomu hilo lilitokana na mchoro wa Kirusi wa mwaka 1908, miaka 80 kabla. Inasemwa thamani yake haikuzidi dola 1,500 hivi, lakini kuitengeneza meli kuligharimu karibu dola milioni 96. Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Februari 1991, wakati wa vita vya kuikomboa Kuwait, manowari mbili za Marekani ziligonga mabomu ya Iraq siku moja, zikipishana kwa saa chache tu. Mojawapo, USS Tripoli, ilikuwa imebeba helikopta za kusafishia mabomu hayo hayo.

Tusidhani ni mambo ya wanajeshi peke yao. Kati ya Julai na Septemba 1984 meli zipatazo 19 za mizigo ziliharibiwa na mabomu katika Bahari ya Shamu na Ghuba ya Suez, yaani kwenye njia ile ile inayoleta bidhaa kutoka Ulaya hadi Mombasa na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2022 mabomu yamekuwa yakielea katika Bahari Nyeusi, inakopita ngano ya Ukraine na Urusi. Ngano hiyo ndiyo inayosagwa kuwa unga wa chapati na mandazi katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Januari 2024 Uturuki, Romania na Bulgaria zilikubaliana kushirikiana kuyatafuta. Njia ikiwa na mabomu, bima ya meli hupanda, nauli ya mzigo hupanda, na mwishowe bei hufika dukani kijijini.

Kwa nini mbao?

Meli ya chuma ni sumaku kubwa inayotembea. Kuipeleka kutafuta bomu linalohisi sumaku ni sawa na kumtuma mtu aliyevaa kengele akawinde swala. Ndiyo maana nchi nyingi huunda meli za kutafuta mabomu kwa faiba, kama zilivyo boti nyingi za uvuvi siku hizi. Waingereza walianza na faiba tangu miaka ya 1970. Wamarekani, kwa kundi la Avenger, walichagua mbao.

Guardian iliundwa na kampuni ya Peterson Builders katika mji wa Sturgeon Bay, jimbo la Wisconsin. Mji huo uko kando ya Ziwa Michigan, mbali kabisa na bahari, kama vile mtu aunde manowari Mwanza au Kisumu. Mataruma yake yalikuwa ya mti mgumu wa mwaloni, na mbao za ubavuni zilikuwa za misonobari na mierezi kutoka magharibi mwa Amerika. Juu ya mbao hizo ilipakwa ngozi ya faiba ili kuzuia maji na kuzipa nguvu. Ilishushwa majini Juni 1987 na kuanza kazi rasmi Desemba 1989.

Haikuwa chombo kidogo. Urefu wake ulikuwa mita 68, upana mita 12, na uzito unaozidi tani 1,300. Injini zake nne za dizeli zilitengenezwa kwa metali zisizovutwa sana na sumaku. Ndani yake kulizungushwa nyaya za umeme zinazofuta kiasi kidogo cha sumaku kilichosalia. Kasi yake ya juu ilikuwa takriban noti 14, yaani kilomita 26 kwa saa, ambayo kwa manowari ni mwendo wa kobe. Haikuhitaji zaidi ya hapo. Anayetafuta mabomu hakimbii.

Kusafisha ni kitu kimoja, kutafuta ni kingine

Watu huchanganya kazi hizi mbili. Njia ya zamani ni kusafisha, yaani kukokota kamba yenye visu nyuma ya meli ili kukata minyororo ya mabomu yanayoelea, kisha kuyapiga risasi yakiibuka. Kwa yale yanayosikiliza, meli hukokota chombo kinachotoa mngurumo na sumaku za uongo, ili bomu lidanganyike na kulipukia patupu. Ni kama kupalilia shamba lote bila kuangalia mche mmoja mmoja.

Kutafuta ni kuangalia mche mmoja mmoja. Meli inakwenda polepole sana, ikituma mawimbi ya sauti chini ya maji na kusikiliza yanavyorudi. Chombo hicho kinaitwa sona. Wavuvi wanaotumia mashine za kuonyesha samaki tayari wanajua jinsi inavyofanya kazi, ila ya manowari ni kubwa na kali zaidi. Mtu aliyekaa mbele ya kioo anaona vivuli: jiwe, pipa bovu, tairi, nanga iliyopotea, na labda bomu. Kila kivuli chenye shaka kinaandikwa na kupewa namba. Sakafu ya bahari karibu na bandari imejaa takataka, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kuthibitisha kwamba kitu fulani si bomu.

Kikibaki na shaka, Guardian ilishusha nyambizi ndogo isiyo na mtu ndani, iliyounganishwa na meli kwa waya wenye urefu unaozidi mita 1,000. Nyambizi hiyo ilikuwa na kamera, taa, kisu cha kukata mnyororo, na baruti ya kuweka kando ya bomu. Baada ya kuiweka, ilirudi, meli ikasogea mbali, na bomu likalipuliwa. Wakati mwingine wapiga mbizi waliifanya kazi hiyo kwa mikono. Jeshi hilo hilo hutumia hata pomboo waliofunzwa. Walipelekwa Iraq mwaka 2003, katika bandari ya Umm Qasr.

Kazi hii haina sherehe. Wiki nzima inaweza kupita bila kupata kitu, na hayo ndiyo mafanikio, kwa sababu meli za mizigo zinaweza kupita. Guardian ilifanya kazi hiyo kwa miaka 23. Tangu miaka ya 1990 kituo chake kilikuwa Sasebo, Japani, na kutoka huko ilizunguka bahari za Asia kwa doria na mazoezi na majeshi ya nchi nyingine.

Usiku wa Januari 17

Katikati ya Januari 2013 Guardian ilitia nanga Subic Bay, Ufilipino, ikajaza mafuta, kisha ikaelekea kusini kupitia Bahari ya Sulu ikiwa na watu 79. Huo ulikuwa msimu wa upepo wa kaskazini mashariki. Katika pwani yetu miezi hiyo hiyo huvuma kaskazi.

Katikati ya bahari hiyo, kama kilomita 150 kutoka mji wa Puerto Princesa, upo mwamba wa Tubbataha. Ni miamba ya matumbawe iliyopanda kutoka kilindini na kufika karibu na uso wa maji, na fungu dogo la mchanga hapa na pale. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1988, na mwaka 1993 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lake ni zaidi ya hekta 97,000. Kuvua ni marufuku. Wasomi wamehesabu huko aina kama 600 za samaki na zaidi ya aina 350 za matumbawe. Samaki wanaozaliana hapo husambaa hadi kwenye maji ya wavuvi wa pande zote za bahari hiyo, kwa hiyo kuulinda mwamba huo ni kulinda kitoweo cha watu wengi.

Guardian ilikuwa ikitumia ramani ya kielektroniki. Ramani hiyo ilitengenezwa na idara ya serikali ya Marekani inayohusika na ramani, na ndani yake mwamba wa Tubbataha ulikuwa umewekwa mahali pasipo pake, kwa tofauti ya karibu maili 8 za baharini, yaani zaidi ya kilomita 14. Kosa lilitokana na picha za setilaiti za mwaka 2008. Linalouma zaidi ni kwamba idara hiyo iligundua kosa hilo mwaka 2011 na kulirekebisha katika ramani moja, lakini ikalisahau katika ramani nyingine. Waliopanga safari walichora njia yao wakiona kwenye kioo kwamba kuna maji ya kutosha.

Saa nane na dakika ishirini na kitu usiku, Januari 17, pua ya meli ilipanda juu ya mwamba.

Walijaribu kujinasua maji yalipojaa, ikashindikana. Upepo na mawimbi vikaisukuma ndani zaidi na kuigeuza ubavu. Kila wimbi liliinyanyua na kuibwaga tena juu ya matumbawe, mbao zikatoboka, maji yakaingia. Watu wote 79 waliondolewa wakiwa salama, wakachukuliwa na meli nyingine zilizokuja kusaidia. Tunalisema hili mapema kwa sababu ndilo jambo la kushukuru katika kisa hiki.

Je, kosa lilikuwa la ramani tu?

Wengi walisema hivyo wakati ule, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Jeshi lenyewe halikukubali. Uchunguzi uliotolewa Juni 2013 chini ya Admirali Cecil Haney, kamanda wa kikosi cha Pasifiki, ulisema ajali hiyo ingeweza kuzuilika. Ndani ya meli kulikuwa na ramani nyingine iliyouonyesha mwamba mahali pake. Kama mtu angezilinganisha, angeona hazikubaliani. Kwenye mwamba kuna mnara wa taa. Zilikuwepo dalili za kuonekana kwa macho, dalili za vyombo, na kengele za tahadhari katika saa za mwisho, na zote zilipuuzwa. Waliendelea kuamini kioo.

Tunavyoona sisi, hapa kuna jambo kuhusu simu tulizoshika mkononi. Wengi wetu tumewahi kufuata ramani ya simu hadi barabara ikaishia mtoni. Nahodha wa mashua asiye na kioo chochote hutazama rangi ya maji, husikiliza mawimbi yanavyovunjika, na huuliza. Meli iliyojengwa kwa ajili ya kuona yaliyofichika chini ya maji haikuyatazama maji yaliyo mbele yake. Tuongeze, kwa haki, kwamba ilikuwa usiku, na sona yake ya kutafuta mabomu si chombo cha kuongozea safari kwa mwendo wa kawaida.

Nahodha, msaidizi wake na maofisa wengine wawili waliokuwa na dhamana ya njia na zamu waliondolewa kwenye nafasi zao Aprili 2013.

Kuikata vipande

Sasa ikaja kazi ngumu kuliko ajali. Kwanza mafuta. Zilikuwepo lita zipatazo 57,000 za dizeli, na kama matangi yangepasuka, hasara ingekuwa kubwa mara nyingi. Yalinyonywa yote kabla ya mwisho wa Januari. Halafu likaja swali la kuivuta. Wataalamu wakakataa, maana mbao zilikuwa zimechoka kiasi kwamba ingevunjika njiani, na kila mita ya kuikokota ingesaga matumbawe zaidi. Ikaamuliwa ikatwe pale pale.

Meli zenye winchi kubwa zililetwa. Kwa wiki kadhaa, hali ya hewa ikiruhusu, wafanyakazi waliikata na kuinyanyua sehemu kwa sehemu, wakianza na vya juu na kumalizia na sehemu ya nyuma, iliyoondolewa Machi 30. Meli iliyotajwa kuwa na thamani ya dola milioni 277 iliondoka mwambani kama mbao na vyuma chakavu. Mapema mwezi huo huo, huko Sasebo, wanamaji wake walifanya sherehe ya kuistaafisha bila meli yenyewe kuwepo.

Nani alilipa?

Wapimaji walipoingia majini waligundua kwamba eneo lililoharibiwa ni mita za mraba 2,345.67. Ni zaidi kidogo ya nusu ya ekari moja. Kwa mkulima ni kishamba cha mboga. Lakini matumbawe magumu hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na mengine kwa milimita, kwa hiyo kijishamba hicho hakipandwi upya msimu ujao.

Sheria ya hifadhi ya Tubbataha ina bei: peso 24,000 kwa kila mita ya mraba, nusu ikiwa fidia na nusu gharama za kurudisha hali. Hesabu ya kwanza ilifika kama peso milioni 58. Baadhi ya Wafilipino, wakiongozwa na askofu wa Puerto Princesa, walikwenda Mahakama Kuu ya nchi wakitaka maofisa wa Marekani wawajibishwe. Septemba 2014 mahakama ililikataa ombi lao, ikieleza kwamba kuwashtaki maofisa hao ni sawa na kuishtaki nchi ya kigeni, na dola haishtakiwi hivyo bila ridhaa yake. Suala likabaki mikononi mwa wanadiplomasia. Januari 2015 Marekani ililipa peso milioni 87, karibu dola milioni 2. Waliokuwa wamekasirika hawakuridhika wote, lakini fedha zilifika, na kwa ajali za baharini zinazohusu majeshi ya nchi kubwa hilo si jambo la kawaida.

Sheria hiyo haikuanza na Wamarekani. Mwaka 2005 meli ya Greenpeace, Rainbow Warrior II, iliyokuwa imekwenda huko kwa ajili ya kutetea mazingira, iligonga mwamba huo huo na kulipa faini ya karibu dola 7,000. Nao walisema ramani ilikuwa na makosa. Na siku chache tu baada ya kipande cha mwisho cha Guardian kuondolewa, Aprili 2013, boti ya uvuvi kutoka China ilipanda tena Tubbataha. Walipoikagua, walikuta masanduku 400 ya nyama ya kakakuona iliyogandishwa.

Zilizobaki

Dada zake Guardian zimezeeka. Mwaka 2025 zile nne zilizokuwa na kituo Bahrain, katika Ghuba, zilistaafishwa, na zimebaki chache Japani. Mahali pake panachukuliwa na meli za chuma na aluminiamu zinazokaa mbali na eneo la hatari na kutuma boti zisizo na watu zikatafute mabomu. Wapo wanaosema ni salama zaidi, na wapo mabaharia wa zamani wanaosema mashine hizo bado hazijajaribiwa vya kutosha penye mabomu ya kweli.

Huko Tubbataha, askari wa hifadhi bado wanaishi kwa zamu kwenye kituo kilichojengwa juu ya fungu la mchanga. Zamu huchukua miezi miwili hivi. Meli ikisogea mno, wao ndio wanaoiita kwa redio.